Gari moja la zimamoto haliunganishi kaunti mbili

Kila inapotajwa kuwa kaunti jirani zinachunguza uwezekano wa kutoa huduma fulani kwa pamoja, wengi hapa Kenya husema: basi tunaunganishwa, na afisi zetu zitahamia kwa jirani. Hofu hiyo inaeleweka, kwani ugatuzi ulisubiriwa miaka mingi.

Lakini Katiba ya 2010 inatenganisha mambo haya mawili. Ibara ya 189 inaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati au mamlaka za pamoja ili kutekeleza kazi zao. Mipaka iko chini ya Ibara ya 188, na kuibadilisha kunahitaji pendekezo la tume huru, kisha theluthi mbili katika Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Kaunti zinabaki 47.

Chukua soko lililo mpakani, vibanda vya mbao vimebanana, moto unazuka usiku. Mwenye kibanda hajali gari la maji lina nembo ya nani. Zimamoto, ambulensi na utupaji taka ni kazi za kaunti; zimo katika Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili. Fungua usome mwenyewe.

Kushirikiana si lazima kupunguze gharama, tusidanganyane. Ndiyo maana mkutano wa kukusanya maoni ukiitishwa, omba rasimu ya makubaliano uangalie nani analipa, nani anaajiri, na kaunti yako itajitoaje ikichoka.