Groen van Prinsterer, Mkristo aliyefungua sanduku la barua za ukoo wa kifalme wa Uholanzi

Kuna swali naulizwa sana na wanafunzi wanaokuja kwenye chumba chetu cha kusomea nyaraka, kwamba hivi mtu aliyeshika dini yake kisawasawa anaweza kweli kuandika historia ya nchi yake bila kuipindisha? Mara nyingi sijibu kwa nadharia. Nawapa habari za mzee mmoja wa Uholanzi anaitwa Guillaume Groen van Prinsterer, manake kwake unaliona swali lenyewe likiishi, linaumwa, linagombea ubunge, linachapisha vitabu vizito vya barua za zamani na mwisho linagombana na Mmarekani.

Alizaliwa tarehe 21 Agosti 1801 Voorburg, karibu na The Hague. Baba yake alikuwa daktari, upande wa mama walikuwa watu wenye hela zao Rotterdam, kwa hiyo njaa hakuijua. Akaenda Chuo Kikuu cha Leiden na huko alifanya kitu ambacho mpaka leo ukiwaambia watu wa vyuo wanashangaa, siku moja tu, tarehe 17 Desemba 1823, alitetea tasnifu mbili, moja ya sheria za Kirumi na nyingine kuhusu watu wanaotajwa kwenye maandiko ya Plato. Alikuwa na miaka 22. Pale Leiden alihudhuria pia masomo ya nyumbani ya mshairi Bilderdijk, ambaye alikuwa anafundisha historia ya Uholanzi kwa vijana wachache na kuipinga kwa ukali roho ya Mapinduzi ya Ufaransa. Groen hakuyameza yote ila mbegu ilibaki.

Ukristo wake wa kipindi hicho ulikuwa wa heshima tu, ule wa familia nzuri inayoenda kanisani Jumapili. Kilichombadilisha ni Brussels. Mwaka 1827 aliingia kazini kwenye ofisi ya mfalme William wa Kwanza, 1829 akawa katibu wa ofisi hiyo, na wakati ule Uholanzi na Ubelgiji zilikuwa ufalme mmoja kwa hiyo serikali ilikuwa inahamahama kati ya The Hague na Brussels. Mwaka 1828 alioa, mke wake Betsy van der Hoop alitoka Groningen na kwa imani yule mama ndiye aliyekuwa mbele. Huko Brussels wakawa wanamsikiliza mhubiri wa Kiswisi, Merle d'Aubigné, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa historia ya Matengenezo ya Kanisa, na taratibu Groen akaanza kuichukua Biblia kama neno linalomhusu yeye na nchi yake pia. Alafu 1830 Ubelgiji ikalipuka na kujitenga, na yeye alikuwa palepale kwenye meza ambayo barua zote zinapita. Nadhani ukikosa kuielewa hiyo miaka miwili huwezi kumwelewa kabisa, kwamba mtu anaongoka na papo hapo anaona ufalme wa bosi wake unapasuka vipande viwili.

Mwaka 1831 akapewa jukumu la kusimamia nyaraka za ukoo wa Orange-Nassau, ndio ukoo wa mfalme. Baadaye akaugua sana, 1833 akaacha kazi ya ofisi ya mfalme, akabaki na zile nyaraka. Na mimi kama mtu wa kazi hii hapa ndipo naomba tukae kidogo.

Zile zilikuwa barua za karne ya 16 na kuendelea, za William wa Orange ambaye Waholanzi wanamwita Baba wa Taifa, za ndugu zake, za watoto wake, za mabalozi na wakuu wa Ujerumani. Nyingine Kifaransa, nyingine Kijerumani, Kiholanzi, Kilatini. Mwandiko wa wakati ule ni shughuli, waliowahi kushika faili la zamani wanajua, herufi moja inaweza kukukalisha asubuhi nzima. Na zilikuwa mali ya familia, sio za umma. Kabla yake watu walikuwa wanasimulia Vita ya Uhuru ya Waholanzi dhidi ya Hispania kwa kunakili waandishi wa zamani, huyu anamnukuu yule, yule alimnukuu mwingine. Groen akazitoa barua zenyewe. Juzuu ya kwanza ilitoka 1835, na mfululizo wa kwanza ulipofika mwisho 1847 zilikuwa juzuu nane, zinazoanzia 1552 mpaka 1584, mwaka ambao William aliuawa kwa risasi Delft. Mfululizo wa pili, juzuu tano, ukatoka kati ya 1857 na 1861 ukafika mpaka 1688. Hakukaa The Hague akangoja karatasi zimfuate, 1836 alisafiri mpaka Paris na Besançon kutafuta nyaraka za upande wa pili, yaani karatasi za Kardinali Granvelle, mtu wa mfalme wa Hispania. Kwa mtu ambaye moyo wake uko wazi kabisa upande wa Orange hilo sio jambo dogo. Na ndani ya hizo barua William sio sanamu, ni mtu mwenye madeni, anayesitasita, mwanzo bado Mkatoliki kwenye utumishi wa Hispania na hajui bado ataangukia wapi.

Imani yake hakuificha. Maelezo yake na kile kitabu chake cha historia ya taifa kilichotoka kwa mafungu kati ya 1841 na 1846 vimejaa mkono wa Mungu, na kauli yake maarufu ilikuwa imeandikwa! imetokea! Imeandikwa ni Biblia, imetokea ni historia, na kwake hivyo viwili vilishikana. Hapo ndipo mimi napata tatizo naye, nasema wazi. Akiandika taifa la Uholanzi moyo wa taifa unakuwa Waprotestanti wa mkondo wa Calvin, na Wakatoliki ambao walikuwa sehemu kubwa ya wananchi wanaonekana kama wageni kwenye nyumba yao wenyewe. Haikushangaza kwamba miaka ya 1860 mwandishi Mkatoliki, Nuyens, aliandika historia ya vita ileile ya uhuru kwa jicho la kwao. Profesa Fruin wa Leiden naye alimbana sana kuhusu mawazo yake ya siasa. Lakini hakuna kati yao aliyeweza kusema Groen alizifungia barua asizozipenda watu wasizione, walizisoma, wakazitumia, wakabishana naye kwa hizohizo.

Siasa nitapita haraka ingawa Uholanzi wengi wanamkumbuka kwa hiyo zaidi. Kipupwe cha 1845 kuingia 1846 alikusanya marafiki kama 20 nyumbani kwake akawafundisha kwamba mzizi wa Mapinduzi ya Ufaransa ni kumwondoa Mungu kwenye maisha ya watu, masomo hayo yakawa kitabu 1847, na tangu 1849 alikuwa bungeni kwa vipindi. Mpinzani wake mkubwa Thorbecke naye alikuwa mwanahistoria na ujanani walikuwa wanaandikiana barua kama marafiki. Jambo lililomuuma ni shule. Alitaka wazazi Wakristo waweze kuwa na shule zao, na sheria ya 1857 iliyoweka shule ya serikali isiyo na upande wa dini ilipopitishwa, tena ikiletwa na waziri ambaye zamani walikuwa pamoja, akajiuzulu ubunge. Kabla ya hapo, 1837, alikuwa ameandika kuwatetea Wakristo waliojitenga na kanisa kubwa la Kiprotestanti la nchi ambao serikali ilikuwa inawatoza faini na kuwawekea askari majumbani, wakati yeye mwenyewe alibaki kwenye kanisa hilohilo na aliwahi kula mshahara wa mfalme huyohuyo. Mwaka 1869 akakutana Utrecht na mchungaji kijana Abraham Kuyper, ambaye baada ya Groen kufariki ndiye aliyeunda chama cha siasa cha mkondo huo, 1879. Usawa wa fedha kwa shule za dini ulikuja kwenye katiba 1917, mzee hakuuona.

Sasa yule Mmarekani. Tarehe 8 Agosti 1853 Groen alipokea karatasi kutoka kwa mtunza nyaraka Bakhuizen van den Brink kwamba kuna mgeni kutoka Marekani anaandika habari za William wa Orange, na kumbe mgeni mwenyewe yuko mlangoni anangoja jibu. Ni John Lothrop Motley. Groen anasimulia alivyoshangaa kuona huyu mtu wa mbali anayajua yale majuzuu yake makubwa vizuri sana, ameyasoma mamia kwa mamia ya kurasa. Kitabu cha Motley kikatoka 1856 kikasomwa dunia nzima ya Kiingereza na barua za Groen ziko ndani yake kila mahali. Ila 1874 Motley akatoa kingine, kuhusu Oldenbarnevelt, kiongozi mkubwa wa siasa wa Uholanzi ya wakati ule, mzee wa miaka 71 aliyekatwa kichwa The Hague tarehe 13 Mei 1619 kwenye ugomvi wa dini na madaraka kati yake na Maurits mtoto wa William wa Orange, na Motley akamlaumu Maurits vikali. Groen alikuwa ameshapita miaka 70 na afya sio nzuri, akakaa chini akaandika kitabu kizima kwa Kifaransa kumjibu, kikatoka 1875. Anamwambia Motley kwamba tofauti yao inaanzia kwenye imani, wewe ni mliberali na mimi ni Mkristo wa Matengenezo, na katika kitabu hichohicho anamsifu kwa bidii yake na kuikumbuka ile siku ya 1853 kwa furaha. Mimi hicho kitabu sikubaliani nacho kwa Maurits, naona Oldenbarnevelt alidhulumiwa, lakini kila nikikisoma namheshimu zaidi mwandishi wake.

Alifariki The Hague tarehe 19 Mei 1876, akazikwa Scheveningen. Hawakupata watoto. Betsy, aliyekuwa ameanzisha shule ya ushonaji kwa mabinti wa maskini, alimfuata 1879. Nyumba yao ya Korte Vijverberg namba 3 iko mpaka leo, na ndani yake ndipo ilipo ofisi ya mfalme, ileile aliyoanzia kazi akiwa kijana. Na kuanzia 1925 wanahistoria wa Uholanzi walianza kuchapisha barua zake yeye, alizoandika na alizoandikiwa, juzuu baada ya juzuu, zikiwemo za Thorbecke na za watu waliokosana naye, ukizitaka unazifungua tu na kuzisoma.