Maji Yalitoka, Musa Akazuiwa: Dhana Potofu Kuhusu Watumishi wa Mungu Wanaoanguka

Tangu Aprili 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, magharibi mwa mji wetu wa Malindi, mpaka idadi ikapita 400, mazungumzo ya kanisani huku hayajarudi yalivyokuwa. Wako waliokata shauri kwamba kila mchungaji ni tapeli. Wako wanaoshikilia kwamba Mungu huwatumia hata wenye kasoro, kwa hiyo tunyamaze. Wote wawili wanaisoma Biblia nusu. Ni kweli Mungu huwatumia watu walioharibika vibaya, na Biblia haikuficha hata mmoja wao. Lakini kutumiwa ni jambo moja na kukubaliwa ni jambo jingine, na kila panapochanganywa haya mawili kuna mtu anaumia.

Dhana: "Watu wanapona, viti vinajaa, basi Mungu ameridhika na mtumishi huyu."

Soma Hesabu 20 polepole. Watu wana kiu pale Kadeshi. Musa anaagizwa auambie mwamba utoe maji. Yeye, kwa hasira, anaupiga kwa fimbo mara mbili. Na maji yanatoka, tena mengi. Watu wanakunywa, na wanyama wao pia. Mtu aliyesimama nyuma kabisa ya umati na kibuyu mkononi asingejua kwamba kuna kosa lililotendeka. Alichoona ni maji. Lakini kufikia mstari wa 12 hukumu imeshatoka: Musa na Haruni hawatawaingiza watu katika nchi ya ahadi. Maji yalikuwa ya wenye kiu, na Mungu hakuwanyima kwa sababu ya hasira ya kiongozi wao. Hesabu ya Musa ilifanywa kando.

Samsoni anatisha zaidi. Waamuzi 16 inaanza akiingia kwa kahaba huko Gaza. Usiku huohuo anainuka, anang'oa malango ya mji pamoja na miimo yake na kuyapandisha mlimani. Nguvu hazikupungua. Anayepima uchaji kwa nguvu angemshangilia asubuhi ile. Mistari michache mbele, nywele zimenyolewa, anaamka akidhani atajinyosha kama siku zote, na mwandishi anaeleza kwamba hakujua Bwana amemwacha. Hakujua yeye mwenyewe, sembuse wafuasi.

Kwa hiyo ushuhuda wa uponyaji usomwe kwa kile unachosema: Mungu amemhurumia mgonjwa. Tabia ya mhubiri ina kipimo chake, nacho kiko 1 Timotheo 3. Pitia sifa za askofu mle ndani moja moja: mume wa mke mmoja, mwenye kiasi, asiye mlevi, asiyependa fedha, anayesimamia nyumba yake vyema. Kipaji kinachotajwa ni kimoja tu, kujua kufundisha. Miujiza haimo.

Dhana: "Msiwaguse masihi wangu" inakataza kumhoji mchungaji.

Mstari huo ni wa Zaburi 105. Masihi ni waliopakwa mafuta, yaani wateule wa Mungu, na hapo unawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wakitangatanga kati ya mataifa. Kisa kimojawapo nyuma yake kiko Mwanzo 20, Mungu alipomzuia mfalme Abimeleki wa Gerari asimguse Sara. Sasa tazama kilichofuata. Asubuhi Abimeleki alimwita Ibrahimu akamuuliza uso kwa uso kwa nini amewatendea hivi, na Ibrahimu ikambidi ajieleze kuhusu uongo wake. Mpagani alimhoji nabii, na Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Kuguswa kunakokatazwa ni kudhuriwa.

Naye Daudi, katika pango la Engedi, alikataa kumuua mfalme Sauli, masihi wa Bwana. Lakini alitoka, akamwita kwa sauti, akainama kifudifudi, akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata, akamuuliza mbele ya askari wake kwa nini anamwinda. Heshima na swali vilikaa pamoja. Hata hapa Pwani unaweza kumwamkia mchungaji shikamoo kisha ukamwomba daftari la sadaka.

Utaratibu wenyewe uko 1 Timotheo 5:19-20: shitaka juu ya mzee lisipokewe bila mashahidi wawili au watatu, na likithibitika akemewe mbele ya wote. Nusu ya kwanza inamlinda na fitina, nusu ya pili inalinda kundi. Makanisa mengi yanaikumbuka ile ya kwanza tu.

Dhana: "Daudi alisamehewa, yakaisha."

(Majirani zetu Waislamu hawamsomi Nabii Daudi hivi, kwani kwao manabii wamekingwa na madhambi. Hapa tunafuata masimulizi ya 2 Samweli.)

Daudi alibaki Yerusalemu wakati wa vita, akamchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, kisha akaandika barua ya kumuua mumewe na kumpa Uria mwenyewe aipeleke. Nabii Nathani alipokuja kumkemea, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, yaani mfalme alikuwa ameishi na siri ile miezi yote ya ujauzito, akiamua kesi za watu. Ungamo lake lilikuwa fupi: amemfanyia Bwana dhambi. Msamaha ukatamkwa papo hapo. Lakini hukumu ya upanga katika nyumba yake ilikuwa imetamkwa, na haikufutwa. Mtoto akafa siku ya saba. Baadaye mwanawe Amnoni akamnajisi dada yake Tamari, Absalomu akamuua ndugu yake Amnoni, kisha akamwasi baba yake, na mfalme akakimbia mji wake akilia, miguu mitupu. Msamaha ulimrudisha kwa Mungu. Haukumrudishia Uria uhai.

Tuliweke jambo hili mezani. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama amekula shilingi 50,000 za harambee ya paa. Watu wawili wasio jamaa zake walinganishe taarifa ya M-Pesa na kitabu cha risiti kabla hajaulizwa lolote. Ukianza kwa kuuliza utapewa machozi badala ya hesabu. Kisha ataje mwenyewe kiasi na tarehe. "Nimekosa, mnisamehe" isiyo na kiasi bado haijawa ungamo. Walawi 6:5 inataka arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano: 50,000 na 10,000, jumla 60,000. Kwa 5,000 kila mwezi, ni miezi 12, iandikwe na kutiwa saini. Muda wote huo aje ibadani, aimbe, atembelewe, lakini asishike hela, hata za chai. Zakayo alijitolea mara nne, na hakulazimishwa. Kinachoharibu mambo kwa kawaida ni kikao cha kwanza: watu wanalia pamoja, wimbo unaanzishwa, deni linayeyuka. Walioibiwa wanarudi nyumbani wakiwa wameshurutishwa kutabasamu.

Likiwa ni la mtoto aliyenajisiwa, hapo hakuna kikao cha wazee wala mbuzi wa kupatanisha. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inalitambua kama jinai. Mtoto apelekwe hospitali mapema, maana dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72; nguo zisifuliwe; polisi waarifiwe, fomu ya P3, ya ripoti ya daktari kwa polisi, ijazwe. Simu 116, ya kuwasaidia watoto, ni ya bure. Mkosaji anaweza kutubu akiwa rumande, na toba hiyo ikawa ya kweli.

Dhana: "Akiokoka leo, kesho ni mtu mwingine."

John Newton, Mwingereza ambaye wimbo wake wa neema unaimbwa makanisani kote, husimuliwa hivi: dhoruba ikampiga baharini, akaokoka, akaacha biashara ya watumwa. Dhoruba ni kweli, Machi 1748. Lakini baada yake aliongoza meli za watumwa kama nahodha katika safari tatu, kati ya 1750 na 1754, akisali na kuisoma Biblia huku watu wamefungwa minyororo chini ya sitaha. Kilichomtoa baharini ni maradhi. Alitawazwa 1764. Kijitabu chake cha kuilaani biashara ile alikitoa 1788, miaka 34 baada ya safari ya mwisho, na humo alikiri kwa aibu. Uingereza ikaipiga marufuku biashara hiyo 1807, mwaka aliofariki.

Sisi wa Malindi tusiipite habari hii mbiombio. Mashamba ya mtama na ufuta yaliyoutajirisha mji huu katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria kwenye pwani hii mpaka 1907. Miaka ambayo Newton alichelewa kuona ilikuwa maisha ya watu. Neema ilifanya kazi ndani yake, na ilifanya polepole kwa gharama ambayo hakuilipa yeye. Petro naye, miaka kadhaa baada ya Pentekoste, alijitenga mezani na watu wa Mataifa kule Antiokia kwa woga, na Paulo akampinga mbele ya wote (Wagalatia 2).

Dhana: "Aliyenibatiza ameanguka, basi ubatizo wangu ni bure."

Swali hili lilizuka Afrika. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru Maandiko yachomwe, na baadhi ya maaskofu wa Afrika Kaskazini wakayasalimisha. Wafuasi wa Donatus, askofu wa huko, wakashikilia kwamba sakramenti za mikono iliyosaliti ni batili. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles, Ufaransa ya leo, 314, ulikataa, na mjadala mkubwa ukafanyika Karthago mwaka 411, Agostino wa Hippo akiwa msemaji mkuu wa upande uliowapinga. Alifundisha kwamba hata Yuda akibatiza, abatizaye ni Kristo. Akatoa mfano wa mfereji wa jiwe: maji yanapita, ndani ya jiwe hakuoti kitu, ila bustani inastawi. Basi usibatizwe tena. Na mfereji uitwe mfereji.

Dhana: "Aliyeanguka, yake yamekwisha."

Neno la Kigiriki la moto wa makaa limetumika mara mbili tu katika Agano Jipya, zote katika Yohana. Mara ya kwanza ni sura ya 18: usiku wa baridi, Petro anaota moto uani kwa kuhani mkuu na kumkana Yesu mara tatu. Ya pili ni sura ya 21, alfajiri ufuoni, samaki wako juu ya makaa. Aliyewahi kusimama karibu na samaki wa kuchoma pale ufuoni kwetu, moshi ukaingia kwenye nguo, anajua harufu ile inavyokumbusha. Petro aliulizwa mara tatu, kama alivyokana mara tatu, na mara ya tatu akahuzunika. Hakuna aliyemwambia tusahau yaliyopita. Aliulizwa palepale penye jeraha, baada ya kulishwa, kisha akapewa kondoo wa kulisha.

Yuda pia alijuta, akasema amekosa na kurudisha vipande 30 vya fedha. Lakini alivipeleka kwa makuhani, nao wakamjibu hilo ni lake mwenyewe. Kanisa linalomjibu hivyo mtu aliyevunjika linafanya kazi ya makuhani wale. Ndiyo maana Paulo aliwaandikia Wakorintho (2:6-8, waraka wa pili) kuhusu mkosaji mmoja, kwamba adhabu aliyopewa yatosha, wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Atakaporudi kutumika, apewe kazi nyingine kwanza, chini ya watu wawili, mbali na mlango aliouangukia.

Dhana: "Sulemani alitoka kwa Bathsheba, basi hata lile lilikuwa mpango wa Mungu."

Yusufu aliwaambia nduguze waliomuuza maneno mawili kwa pumzi moja: ninyi mlikusudia mabaya, Mungu alikusudia mema. Hakuufuta ubaya wao ili Mungu aonekane mwema. Paulo naye anawakatalia wanaosema tutende mabaya ili mema yaje (Warumi 3:8).

Na mwandishi wa 2 Samweli, alipoorodhesha mashujaa wa Daudi katika sura ya 23, alimweka mtu mmoja mwisho kabisa, kisha akafunga hesabu kuwa ni 37. Mtu huyo ni Uria, Mhiti. Karne nyingi baadaye Mathayo anaandika ukoo wa Yesu. Anapofika kwa Sulemani, hamtaji Bathsheba kwa jina. Anamtaja kama mke wa Uria.