Kwelea kwelea mwenye mdomo wa njano si ndege wa aina nyingine

Wakulima wengi wa mtama, uwele na mpunga huamini kwamba kwelea kwelea hutambulika kwa mdomo mwekundu, na kwamba wale wenye mdomo wa njano wanaoonekana kati yao ni ndege wengine. Ni dhana inayoeleweka, kwani kwa sehemu kubwa ya mwaka dume na jike wote huwa na mdomo mwekundu na manyoya ya kahawia yenye michirizi. Majira ya kuzaliana yanapofika, mdomo wa jike hugeuka njano, ilhali dume hubaki na mdomo wake mwekundu na uso wake, mara nyingi, huwa mweusi.

Mwenye darubini, hata ya bei nafuu, anaweza kuhakikisha jambo hili kwenye viota vya nyasi katika migunga: dume na jike huatamia kwa zamu, hivyo midomo ya rangi mbili huonekana kwenye kiota kimoja. Ndege huyu huenea katika savana kavu kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali hadi Ethiopia na Afrika Kusini, lakini huepuka misitu minene ya Kongo.