Ziwa Conemaugh: bwawa la starehe juu ya mji wa Johnstown

Pittsburgh ya miaka ya 1880 ilikuwa mji wa chuma na moshi. Waliotajirika kwa moshi huo hawakupenda kuuvuta msimu wa joto. Walipanda treni hadi stesheni ya South Fork, kisha magari ya farasi yakawafikisha Ziwa Conemaugh, katika milima ya Allegheny, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Huko klabu yao ya uvuvi na uwindaji ilikuwa na jumba la vyumba 47, nyumba 16 za kifahari kando ya maji, mashua za tanga, boti za mvuke na samaki wa kupandikizwa. Andrew Carnegie, Henry Clay Frick na Andrew Mellon walikuwa wanachama.

Ziwa hilo halikuwa la asili. Lilizuiwa na tuta la udongo lenye kimo cha mita 22 na urefu wa mita 280 hivi, lililojengwa na serikali ya jimbo na kukamilika 1853 ili kuujaza maji mfereji wa usafirishaji nyakati za ukame. Reli ilipoingia, mfereji ukafa na bwawa likabaki bila kazi. Mwaka 1862 sehemu ya tuta ilibomoka, lakini maji yalikuwa machache na madhara hayakuwa makubwa. Baadaye mmiliki mmoja aling'oa mabomba matano ya chuma yaliyopita chini ya tuta, akayauza kama chuma chakavu.

Kwetu tunaoshughulika na mabwawa, kosa kubwa ni hilo la mabomba. Msimamizi mwenye mabomba ya chini hupunguza maji mapema akiona mvua inakuja, na hulikausha bwawa akitaka kulikarabati. Asipokuwa nayo, hana la kufanya ila kutazama maji yakipanda hadi yafikie mkondo wa juu wa kutolea ziada.

Benjamin Ruff aliyenunua eneo hilo 1879 na kuanzisha klabu hakuyarudisha mabomba hayo. Pengo la tuta lilizibwa kwa udongo, mawe, matawi, nyasi kavu, hata samadi. Kilele kilishushwa ili magari ya farasi yapishane juu yake, na katikati pakabonyea, mahali ambapo tuta lolote linatakiwa kuwa juu kuliko kwingine. Kwenye mkondo wa ziada wakaweka wavu wa chuma, samaki wasitoroke.

Johnstown, mji wa viwanda vya chuma, ulikuwa bondeni, kilomita 23 kufuata mto na mita 137 chini ya ziwa. Mkuu wa kiwanda cha chuma cha Cambria cha mjini humo, Daniel Morrell, alimtuma mhandisi John Fulton kukagua mwaka 1880. Fulton aliona kasoro mbili: hakuna mabomba, na ukarabati ni wa ovyo. Morrell akajitolea kuchangia gharama. Ruff akamjibu kwamba watu wake hawakuwa katika hatari yoyote.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa ya usiku kucha, takataka ziliziba ule wavu. Vibarua walihangaika kuinua kilele na kuchimba mkondo wa pili, bila mafanikio. Onyo la simu ya maandishi lilitumwa bondeni, lakini watu walishachoka kusikia habari za bwawa kupasuka. Saa tisa na dakika kumi hivi alasiri tuta likaachia mamilioni ya tani za maji. Kabla ya saa moja kuisha, maji yalikuwa Johnstown. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, na watu wake walikaa huko miezi mitano wakitoa msaada.

Ripoti ya wahandisi ya 1891 ilidai tuta lingevunjika hata kama klabu isingeligusa. Uchambuzi wa kompyuta uliochapishwa 2016 umepinga dai hilo: kushushwa kwa kilele kulipunguza sana uwezo wa bwawa kupitisha mafuriko. Binafsi sikuwahi kuona mantiki ya ripoti ile ya kwanza.

Klabu ilitoa mablanketi 1,000, na Carnegie akajenga maktaba mpya. Waliofungua kesi hawakulipwa hata senti, kwani janga lilihesabiwa kuwa kazi ya Mungu. Hasira iliyofuata ilichangia kuzifanya mahakama za majimbo kadhaa zikubali kanuni ya Uingereza ya 1868, kwamba anayekusanya maji mengi kwenye ardhi yake hulipa yakitoroka na kudhuru, hata bila uzembe wake kuthibitishwa.