"Injinia, njia ya Kasenga iko wazi?" Inategemea wazi kwa nani

Kila mwaka mwezi wa 12 ukikaribia, watu wanaanza kutupigia simu sisi wa kazi ya barabara na swali ni lilelile, "injinia, njia ya Kasenga iko wazi?", yaani ule mji wa kando ya mto Luapula, mpakani kati ya Kongo na Zambia, na mimi namrudishia mtu swali: wazi kwa motokari gani, na unatoka siku gani? Wengine wanakasirika, wanaona kama nawazungusha. Lakini hapa kwetu Lubumbashi njia "kufungwa" inaweza kuwa masaa matano, inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa miezi mizima, na kila kufungwa kuna mtu wake wa kuulizwa. Ukiuliza asiyehusika, atakujibu ukweli anaoujua yeye, na bado utalala njiani na watoto.

Tuanze na kalenda. Mvua ya Lubumbashi ni karibu milimita 1,200 kwa mwaka na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa 11 na wa 4, kisha mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 ni vumbi tu. Likizo kubwa ya shule inaangukia kiangazi, hapo tuna bahati. Ile ya Noeli na Mwaka Mpya sasa iko katikati ya mvua kabisa, na njo wakati huohuo kila baba anataka kupeleka watoto wakasalimie babu na bibi kijijini. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, mpelekee babu watoto mwezi wa 7, atafurahi sawasawa.

Kama unaenda Likasi, Kolwezi ao Kasumbalesa, uko kwenye lami ya barabara kuu, unalipa peaje yako (ushuru wa barabara) unaendelea, mvua haikufungii njia mara nyingi, inayokufungia ni foleni ya kamyo za shaba. Hesabu masaa, usihesabu kilometa. Shida inaanza pale lami inaisha.

Kwenye barabara ya udongo utakuta bariere ya mvua, mti umelazwa njiani na mlinzi wake pembeni, na hapo watu wengi wanaona ni usumbufu tu, wanatafuta namna ya "kupatana". Sasa sikiliza kwa nini iko. Udongo wetu mwekundu ukiwa mkavu na umeshindiliwa vizuri unabeba kamyo bila neno, lakini mvua ikiulowesha nguvu yake inashuka sana, na kamyo moja nzito ikipita wakati huo inakata mifereji miwili ya magurudumu, na pembeni ya mifereji udongo unainuka kama kingo, kwa hiyo mvua inayofuata maji hayawezi tena kutoka kwenda kwenye mtaro, yanakimbia ndani ya barabara yenyewe yanaichimba, kesho kutwa ni korongo. Wahandisi wana kanuni moja iliyotoka kwenye majaribio makubwa ya Marekani ya 1958 mpaka 1960: uzito wa ekseli ukizidishwa mara 2, uharibifu wa barabara unazidi karibu mara 16. Majaribio yale yalikuwa ya lami na zege, kwenye udongo uliolowa mimi naona ni vibaya zaidi. Ndiyo maana mlinzi anazuia kamyo masaa kadhaa mpaka jua likaushe juu, na akilegeza kwa kamyo moja tu, barabara ambayo ingefungwa nusu siku inakuwa mbovu mpaka greda ipite kiangazi.

Motokari ndogo mara nyingi inaachwa ipite, lakini usifurahi haraka, juu kamyo zinajipanga mbele ya bariere na njia ni nyembamba, hata wewe na kajipu kako umefungwa pamoja nazo. Na ukipita ukakuta kamyo iliyopita kwa nguvu usiku imezama kwenye potopoto, imelala njia nzima, hapo hakuna wa kumlalamikia. Kwa hiyo ukitaka kwenda Kasenga wakati wa mvua, karibu kilometa 200 na kidogo, toka alfajiri, kuwa na chakula na maji ya siku nzima hata kama unafikiri utafika saa sita, beba koleo na kamba ya kuvutia, na watoto wawe na nguo za baridi karibu, zisiwe chini ya mizigo yote. Wa kumuuliza habari za bariere ni shofere aliyeshuka kutoka huko leo asubuhi. Mimi ofisini sijui mvua iliyonyesha saa tisa usiku, na ramani ya telefone ndiyo haijui kabisa, inakuchorea mstari wa bluu mpaka mtoni.

Kuhusu mito watu wanakosea kwa namna nyingine. Wanaona mvua imekatika mwezi wa 4, wanasema basi, njia zimefunguka. Luapula haifuati mvua ya Lubumbashi hivyo. Maji yake yanapita kwanza kwenye vinamasi vikubwa vya Bangweulu upande wa Zambia, yanakaa huko, yanateremka polepole, kwa hiyo mto unafika juu kabisa mwisho wa mvua ao hata baada yake, mbingu ikiwa safi. Njia za bondeni karibu na Luapula na ziwa Moero zinaweza kuwa ndani ya maji wakati mjini tunaanza kukohoa vumbi. Hapo usiulize kama mvua inanyesha, uliza watu wa kijiji cha mwisho kabla ya maji.

Samaki pia wana kalenda, na hili linahusu safari juu wengi wanaenda Kasenga kwa ajili ya samaki. Upande wa Zambia uvuvi kwenye Luapula na Moero unafungwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2 ili samaki wazae. Upande wetu ulizia kwanza mwaka huu wamefunga lini. Usimwahidi mama samaki mbichi wa Mwaka Mpya.

Kisha mbuga. Kundelungu, mbuga ya taifa tangu 1970, iko na maporomoko ya Lofoi, maji yanaanguka zaidi ya mita 300, na shida yake ni hii: yanapendeza kweli wakati wa mvua, na wakati huohuo njia za kupanda kwenye uwanda zinakuwa za utelezi na nyasi ndefu. Mwisho wa kiangazi unafika kwa raha lakini maji yamepungua sana. Mimi ningechagua mwezi wa 5 ao wa 6 mwanzoni, udongo umeshakauka na mto bado una nguvu. Ulizia ICCN, shirika la taifa la kulinda mbuga, wao ndio wanasimamia, na uliza mambo mawili tofauti: mbuga inapokea wageni? na njia ya mpaka kituoni inapitika? Ndiyo kwa la kwanza haimaanishi ndiyo kwa la pili.

Kiangazi nacho kinafunga, watu wanasahau. Greda na kushindilia tunafanya wakati udongo unakubali, basi mwezi wa 6 mpaka wa 10 ndiyo utakuta njia za kando na foleni. Mwezi wa 8 na wa 9 moto wa pori unavuka barabara, moshi unaziba macho. Ukiona moshi mzito mbele simama mbali, usiingie ukitumaini utatokea upande wa pili.

Wanaovuka Kasumbalesa kwenda kuona wanyama Zambia, jueni kwamba kambi nyingi za South Luangwa na za nyika ya Busanga ndani ya Kafue zinafungwa wakati wa mvua. Lipa baada ya kambi yenyewe kukuandikia tarehe. Na kule wanaendesha kushoto, ingawa hapa Lubumbashi motokari zetu nyingi usukani uko kulia, kwa hiyo labda utajisikia nyumbani.

Kwa njia ya udongo, amua kabla ya kutoka saa yako ya kugeuza, na uwaambie wote ndani ya motokari. Saa nane ikifika hamjavuka nusu, mnarudi, hata kama shemeji amekaa mbele anasema bado kidogo tu.