Derivi si kuzurura

Nimeshasoma mara nyingi mno kwamba fulani "amefanya derivi" mjini, na ukifuatilia maelezo unakuta alitoka bila mpango, akapiga picha, akarudi kwake jioni. Hayo ni matembezi, tena mazuri. Derivi ni jambo jingine. Kwa ufupi, ni kupita kwa mwendo wa haraka katika sehemu za mji zenye hali tofauti, ukiwa umeweka kando kwa muda kazi na mazoea yako, ili ujue mji wenyewe unakuvuta wapi na unakufukuza wapi. Mwandishi Mfaransa Guy Debord aliieleza hivyo katika makala ya mwaka 1956.

Neno lenyewe limebeba mengi. Kwa mabaharia wa Kifaransa, dérive ni kule chombo kuacha njia yake kwa kusukumwa na upepo au mkondo. Kipo kitenzi kingine cha sura hiyohiyo, kilichotoka kwenye rivus ya Kilatini, yaani kijito, chenye maana ya kuchepusha maji. Lakini lugha ya Debord ni ya baharini waziwazi: anasema mji una mikondo yake ya kudumu, una alama zisizohama, na una mahali maji yanapozunguka, hata kuingia mtaa fulani au kutoka humo kukawa kugumu.

Hapo ndipo derivi na kuzurura zinapoachana. Tazama vitenzi vyetu: kutembea, kuranda, kuzurura, kupunga hewa. Vyote mtendaji ni mimi, na miguu yangu ndiyo inayoamua. Derivi inataka kauli ya kutendwa: navutwa, nasukumwa, nachukuliwa. Hata hivyo nahodha anayechukuliwa na mkondo halali usingizi. Anapima amesogezwa kiasi gani na kwa upande upi. Kazi hiyo ya kupima ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo hakuna derivi.

Wanaosema "niliachia bahati iniongoze" wanasahau kwamba Debord mwenyewe hakuiamini bahati. Kwake, bahati humrudisha mtu palepale kwenye mazoea. Alitoa mfano wa wasurealisti wanne, waandishi na wasanii waliotukuza ndoto na bahati, waliokwenda kutembea mashambani bila lengo, wakianzia mji uliochaguliwa kwa kubahatisha. Aliuona ni mfano wa kushindwa, kwa sababu mashambani hakuna mikondo ya kumchukua mtu. Mfano wake mwingine, wa mazoea yenyewe, unaniuma zaidi: ramani ya mwanasosholojia Mfaransa Chombart de Lauwe, ya mwaka 1952, iliyochora nyendo zote za mwanafunzi mmoja wa Paris kwa mwaka mzima. Ilitokea pembetatu ndogo: chuo, nyumbani, kwa mwalimu wa piano. Mji mkubwa namna ile, na yeye ndani ya pembetatu.

Debord alipendekeza watu wawili au watatu waende pamoja, walinganishe walichohisi. Muda wake ni kama siku moja.

Basi ukitoka bila mpango na kurudi umefurahi, sema umeranda. Neno hilo linatosha kabisa. Derivi iweke kwa siku utakaposimama kwenye kona na kumuuliza mwenzako kwa nini nyote wawili mmekata kushoto, ilhali njia ya kulia ilikuwa pana zaidi na nyeupe.