Kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki: maana yake, na hatari ya kujitengenezea nchini Uganda

Kiwambo cha bunduki ni bomba fupi linalofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kupunguza mlio wa risasi. Mafundi wengi hukiita sailensa, kwa jina lilelile la ile ya pikipiki, na hawajakosea, kwa kuwa kazi ni moja. Risasi inapofyatuliwa, baruti huungua na kugeuka gesi yenye joto na mgandamizo mkubwa. Gesi hiyo huisukuma risasi ndani ya mtutu, na ikifika mdomoni huchomoka kwa kishindo. Kiwambo huipa nafasi ya kutanuka, kupoa na kupunguza mwendo kabla ya kutoka hewani.

Aliyekiuza kwa mara ya kwanza kama bidhaa ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baadaye kampuni yake iligeukia kutengeneza sailensa za injini. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, na hiyo Uganda inaifahamu. Kapteni Mwingereza Frederick Lugard alipanda nayo hadi Mengo, makao ya kabaka wa Buganda, mwishoni mwa mwaka 1890, na ilitumika katika vita vya Mengo vya Januari 1892. Familia moja, basi, ilitoa silaha iliyotikisa Buganda na kifaa kinachodaiwa kunyamazisha silaha.

Nasema kinachodaiwa kwa sababu sinema zimewaaminisha watu kwamba bunduki yenye kiwambo hutoa mlio mdogo kama wa kukohoa. Mlio wa bunduki nyingi huwa kati ya desibeli 140 na 170. Kiwambo kizuri cha kiwandani hupunguza takriban desibeli 20 hadi 35. Bunduki ya desibeli 160 ikishuka hadi 130 bado ni kelele kubwa inayosikika mbali. Isitoshe, kiwambo hupunguza kishindo cha gesi tu. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, hupasua hewa na kutoa mlio wake wenyewe njiani, na kiwambo hakina la kufanya hapo. Risasi ya SMG, ile bunduki anayoibeba mwanajeshi na polisi wetu, hutoka kwa mwendo wa mita 700 na ushei kwa sekunde. Kuna pia mlio wa chuma kugongana bunduki inapojikoki. Kwa hiyo anayefikiri atafyatua risasi Kyebando, mtaa wa Kampala, na jirani asisikie amedanganywa na sinema.

Faida halali ya kifaa hiki ipo, na ni ya masikio. Kelele zinazozidi desibeli 140 zinaweza kuharibu usikivu kwa mara moja tu, na sikio likishaharibika namna hiyo halirudi lilivyokuwa. Ndiyo maana wawindaji wa Norwe na Ufini hutumia viwambo kama jambo la kawaida. Kwa askari wa kampuni za ulinzi na wanaojifunza shabaha hapa Uganda, kinga iliyo halali na ya bei nafuu ni vizibo vya masikio na vile vifuniko vinavyovaliwa kichwani. Naomba wanaowaajiri askari hao wawanunulie. Si sawa kijana aende kwenye mazoezi ya kulenga shabaha, kisha arudi nyumbani masikio yakivuma wiki nzima.

Sasa tuje kwenye kiwambo cha kujitengenezea. Mtandaoni zimejaa video za Wamarekani wakionyesha viwambo walivyovitengeneza katika karakana za nyumbani, na vijana wa hapa wanazitazama. Kinachofichika katika video hizo ni karatasi. Marekani kiwambo kinasimamiwa na sheria ya taifa ya silaha ya mwaka 1934, iliyokiweka kundi moja na bunduki za rashasha. Raia anayetaka kujitengenezea lazima kwanza aombe kibali kwa ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, atoe alama za vidole na picha, kisha asubiri jibu kabla hajakata chuma. Kwa miongo mingi alilipa pia kodi ya dola 200. Kuanzia Januari 2026 kodi hiyo imeshuka hadi sifuri kwa viwambo, lakini kusajili kumebaki palepale. Wapo waliosoma habari hiyo wakadhani Marekani imeruhusu kila mtu kuunda anavyotaka. Haikuruhusu. Kiwambo kisichosajiliwa kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10, na majimbo kadhaa yanakikataza kabisa kwa raia.

Kuna pia vifaa vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la vifaa vya kusafishia bunduki, vyenye umbo la kiwambo kilichobaki hatua chache kukamilika. Wauzaji wanasema ni vya kukinga mafuta machafu. Mwaka 2022 ATF ilikataa maombi mengi ya watu waliotaka kuvigeuza kuwa viwambo, ikisema vilikuwa viwambo tangu siku vilipouzwa. Mganda anayeagiza kifurushi kama hicho ajue kwamba jina lililoandikwa kwenye boksi halitamsaidia kitu forodhani Entebbe.

Uganda inaongozwa na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Msingi wake ni rahisi: hakuna raia mwenye haki ya kuzaliwa nayo ya kumiliki silaha. Anayetaka aombe cheti, na maombi hupitia mikononi mwa viongozi wa mtaa na vyombo vya usalama kabla ya kufika makao makuu ya polisi. Cheti hutolewa kwa mtu fulani na kwa silaha fulani. Hapa ndipo wenye bunduki halali hujikwaa. Mtu anasema, bastola yangu ina karatasi zote, basi nikiongeza kitu mbele ya mtutu ni mali yangu. Cheti chake kinaitaja bastola ile. Hakimpi ruhusa ya kuunda sehemu za silaha, wala kuibadilisha ile aliyosajili. Kuunda silaha bila leseni ni kosa linalojitegemea, na linaweza kumkuta hata mtu ambaye hajawahi kufyatua risasi.

Kwamba kiwambo huhesabiwa kuwa sehemu ya silaha si maoni yangu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001 na ambayo Uganda imejiunga nayo, inapoorodhesha sehemu za bunduki inataja mtutu, fremu na kadhalika, kisha inataja kifaa chochote kilichoundwa au kugeuzwa ili kupunguza sauti ya kufyatua. Ukivuka Busia kuingia Kenya, sheria yao ya silaha inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako kuwa silaha yenyewe. Nchi zote mbili zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, inayozibana serikali za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kupambana na uundaji haramu. Anayepita mpakani na kiwambo kwenye mkoba anajitafutia kesi pande zote mbili.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni mahakama gani itakusikiliza. Sheria ya jeshi la UPDF ya mwaka 2005 ilimweka chini ya sheria za kijeshi raia anayekutwa bila ruhusa na silaha, risasi au vifaa ambavyo kwa kawaida ni vya jeshi peke yake. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba. Miezi michache baadaye Bunge lilipitisha marekebisho, Rais akayatia saini mwezi Juni, na mlango huo ukafunguliwa tena kwa makosa kadhaa, kumiliki silaha kinyume cha sheria likiwa mojawapo. Tusisahau pia jinsi wavu huu ulivyo mpana: mwaka 2019 hata bereti nyekundu iliingizwa katika orodha ya mavazi ya jeshi yasiyoruhusiwa kwa raia. Kama kofia ya kitambaa inaweza kumfikisha mtu mbele ya sheria, mwenye kiwambo cha bunduki asitegemee kuonewa huruma.

Hali ya nchi nayo ina uzito wake. Baada ya mauaji ya afisa wa juu wa polisi, AIGP Andrew Felix Kaweesi, mwaka 2017 na ya mbunge Ibrahim Abiriga mwaka 2018, Rais Museveni alilieleza Bunge hatua za usalama, mojawapo ikiwa kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake ili risasi iliyookotwa iweze kufuatiliwa hadi kwenye mtutu ulioitoa. Katika nchi iliyozika watu waliopigwa risasi na wauaji waliopanda pikipiki, kifaa cha kuficha mlio hakitazamwi kama kinga ya masikio. Karibu na hifadhi za wanyama kitatazamwa kama kifaa cha jangili, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 imefikisha adhabu ya kuua wanyama walio hatarini kutoweka hadi kifungo cha maisha. Karamoja, ambako watu waliwahi kuunda bunduki kwa mabomba ya chuma kabla ya ghala la kambi ya Moroto kuporwa mwaka 1979, jeshi limekuwa likikusanya silaha tangu Julai 2021 katika operesheni ya Usalama kwa Wote. Huko usijaribu hata kueleza ulikusudia nini.

Tuseme hata sheria isingekuwepo. Mgandamizo wa gesi mdomoni mwa mtutu ni mkubwa kuliko wanavyodhani wengi, na joto lake huongezeka kwa kila risasi. Viwanda hupima vyuma, hukagua uzi wa kufungia na kuhakikisha tundu limenyooka sawasawa na mtutu. Kiwambo kikipinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni, risasi hugonga ukuta wa ndani: hupotoka kwenda pasipokusudiwa, au bomba linapasuka karibu na uso na vidole vya mpigaji. Bunduki nayo huweza kuharibika. Jeraha hilo utalipeleka hospitali, na daktari ataona mara moja kwamba limetokana na silaha.

Ninaowaza sana ni mafundi. Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, ina watu wenye mikono ya ajabu, wanaoweza kukuchongea kipuri cha mashine kwa kuangalia kilichovunjika tu. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka bomba la vipimo fulani, lenye uzi wa ndani upande mmoja na tundu jembamba upande wa pili, na analipa vizuri bila kubishana bei. Fundi ana haki ya kuuliza linakwenda kufungwa wapi, na mteja akijiumauma, kazi hiyo ikataliwe hata kama kodi ya banda imefika. Polisi wakikipata kifaa hicho, kitu cha kwanza watakachomuuliza mwenye nacho ni nani alikichonga.

Na kama umekikuta kwenye sanduku la marehemu, au kwenye nyumba uliyopanga, usikirushe chooni wala usimpe rafiki akuhifadhie. Kiache kilipo, mwite mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji au mtaa, awe shahidi, piga simu polisi, na ukiweza mtafute wakili kabla hujaandika maelezo. Wanapokichukua, omba karatasi inayoonyesha siku, saa na jina la afisa aliyekipokea, kisha uitunze mahali pamoja na hati zako nyingine.